Vishimo vya Pembeni

Kazini walimwita Matone, na jina lilimkaa kama alizaliwa nalo. Kazi yake ilikuwa kudondosha. Anavuta kimiminika kwa pipeti, anadondosha tone kwenye kishimo, anavuta tena, anadondosha tena, mpaka sahani nzima imalizike. Sahani zenyewe ni za plastiki, hazizidi ukubwa wa kiganja, zimejaa vishimo vidogo vilivyopangwa kwa safu, na katika kila kishimo zimo seli za mapafu zilizotolewa kwa wagonjwa. Ukimkuta amejiinamia pale mezani, ncha ya ulimi imetokeza kwenye kona ya mdomo, ungedhani anatunga shanga. Mgongo ulishamwambia zamani kwamba umechoka, naye akajitia kiziwi.

Maabara yao haikutengeneza dawa mpya. Ilichukua dawa za zamani, zile ambazo watu wameshazimeza mpaka wamezizoea, za minyoo, za shinikizo la damu, za mafua, ikatazama kama kuna hata moja yenye kazi ya pili isiyojulikana. Ugonjwa waliokuwa wakiushughulikia ni wa mapafu kuota makovu na kukakamaa. Seli za mapafu kama hayo zina jeni zinazowaka pasipotakiwa na nyingine zinazozimika pasipotakiwa. Kwa hiyo Matone anazipa seli gonjwa dawa, anaziacha zilale nayo ndani ya kabati la joto, kisha mashine inapima jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika. Dawa ikionekana inazirudisha seli gonjwa kwenye hali ya seli nzima, kompyuta inaipandisha juu ya wenzake. Hiyo ndiyo kazi, na kwa mtu wa nje inachosha hata kuisikiliza.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa mtu wa nje namba moja. Huyu alikuwa fundi wa simu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kila wakikutana kwa mama yao kula chakula cha Jumapili, hakosi kuuliza, "Shem, wiki hii umedondosha nini?" Watu wanacheka. Matone naye anacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kinamkwaruza koo. Mtu ukifanya kazi miaka yote hiyo bila kuwa na kitu cha kuonyesha mezani, utani wa shemeji unaanza kufanana na ukweli.

Na mezani hapo, kwenye kiti chenye mto, alikuwa anakaa mama mkwe wake, ambaye mapafu yake yalikuwa yanaota makovu hayohayo.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Alishona nguo za mtaa mzima mpaka alipoanza kuhema kwa kukanyaga tu cherehani. Aliishi ghorofa ya pili, na ngazi za nyumba hiyo zikawa ndio adui yake mkubwa duniani. Hospitali walimpa vidonge vya kuupunguzia ugonjwa kasi. Waliweka wazi kwamba haviponyi, vinachelewesha tu. Navyo vilimtesa. Chakula kilimnukia vibaya, alitapika asubuhi, alikonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni. "Vinanipa siku halafu vinanizuia kuzila," alisema siku moja, akacheka mwenyewe, akakohoa.

Matone alimpenda. Hakuwa na mama tena, na huyu alimchukua kama wa kwake tangu siku ya kwanza. Si ajabu basi kwamba alipokuwa akidondosha, alikuwa akimfikiria yeye. Ila tuseme na lile lingine: alikuwa pia akifikiria uso wa shemeji siku atakapokuwa na jibu.

Siku hiyo ikaja. Dada wa kompyuta, mtaalamu wao wa takwimu, alimwita kutoka chumba cha pili. "Matone, njoo uone kitu."

Juu kabisa ya orodha, mbali na dawa nyingine zote, imekaa dawa ya jongo. Ile ya watu wanaovimba vidole vya miguu. Ya bei ndogo, ya kale, inayouzwa kila mahali. Na si kishimo kimoja. Dawa hiyo alikuwa ameidondosha kwenye vishimo vitatu, ili kimoja kikisema uongo vingine vikisute, na vyote vitatu vilikuwa vinasema neno moja.

"Mbona vinakubaliana hivi?" Matone akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyedondosha," dada wa kompyuta akajibu, naye anatabasamu.

Mkuu wa maabara, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliangalia, akakunja mikono. "Nzuri. Turudie. Na mpaka tumerudia, hii haitoki humu ndani." Alisema hivyo kila mara, na kwa sababu alisema kila mara, watu walikuwa hawaisikii tena.

Jumapili iliyofuata shemeji hakumwangusha. Hata kabla hajanawa mikono: "Enhe, Shem. Wiki hii?"

Matone akasema. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Alieleza habari za jeni kuwaka na kuzima, akaeleza jinsi dawa ya jongo ilivyozipeleka seli kule kwenye uzima, akaeleza kwa mikono yote miwili. Shemeji akaacha kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kumsikiliza Matone mpaka mwisho, na utamu wake hakuwahi kuuonja. Neno "bado" lilikuwa limemjia ulimini. Bado hatujarudia. Bado ni seli kwenye plastiki. Akalimeza pamoja na tonge.

"Ni vile vidonge marehemu baba yenu alikuwa akimeza vya vidole?" mama mkwe akauliza taratibu.

"Hivyohivyo, mama."

"Vinauzwa duka lolote la dawa."

"Duka lolote."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa macho yaliyolainika, na Matone akajiona amekua kimo palepale kitini. Mkewe, aliyemjua, alimkanyaga mguu chini ya meza. Aliuvuta mguu wake pembeni.

Baada ya hapo ikaanza furaha. Mkewe alirudi kutoka kwa mama yake akasema mama anakula siku hizi, tena anamaliza sahani. Hatapiki. Mama mkwe mwenyewe akapiga simu: "Mwanangu, vidonge vyako nimevianza. Leo nimeshuka ngazi mpaka chini kuangalia watu!" Matone akasimama na simu sikioni katikati ya ukumbi wa maabara, macho yamemjaa machozi. Ilimpitia akilini kuuliza kama vile vya hospitali anaendelea navyo. Ilimpitia waziwazi kabisa, na akaiacha ipite. Akasema tu, "Mungu mkubwa, mama."

Kisha wakarudia jaribio.

Safari hii mkuu wa maabara aliagiza dawa zichanganywe ovyo ndani ya sahani, kila moja itupwe popote, na safu zote za pembeni zijazwe maji matupu. Matone alidondosha kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto mchanga. Siku matokeo yalipotoka, alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha dada wa kompyuta bila kuitwa. Akatafuta juu. Dawa ya jongo haikuwepo. Akashuka, akashuka. Aliikuta huko katikati ya umati, dawa kama dawa nyingine, haizirudishi seli popote.

"Mara ya kwanza ilikaa wapi kwenye sahani?" mkuu wa maabara akauliza.

Hakuhitaji kuangalia. Dawa zilikuja kwenye boksi kwa mpangilio wake, naye alizidondosha kwa mpangilio uleule, kwa sababu ndivyo mkono ulivyozoea. Ya jongo ilikuwa ya mwisho. Zilikuwa nyingi kuliko vishimo vya ndani, sahani mpya zilikuwa zimechelewa kuletwa, na yeye akaona si vibaya kutumia vishimo vya pembeni, vile ambavyo kila mtu wa kazi hiyo anajua haviguswi. Vishimo vya pembeni vinapigwa na hewa. Humo ndani ya kabati la joto maji yake hupungua kidogo kidogo, chumvi inakolea, seli zinataabika, zinaanza kuzima shughuli zake ili zisife. Na miongoni mwa shughuli hizo ni kujenga makovu. Mashine inaona jeni za makovu zimezimika, inaandika kwamba seli zinapona. Vishimo vitatu vya jongo vilikuwa vimekaa pamoja kwenye safu ya mwisho, vyote vinakauka, ndiyo maana vilikubaliana vizuri kiasi kile.

"Pembeni," akasema. "Safu ya chini."

Dada wa kompyuta akashusha pumzi. "Kumbe seli zilikuwa na kiu tu."

Matone alisubiri kufokewa. Alitamani afokewe, arushiwe kitu, aambiwe amepoteza kazi. Mkuu wa maabara alisugua macho yake. "Ndiyo maana tunarudia," akasema. "Nyingi huanguka hivi. Usitumie pembeni tena. Andaa sahani nyingine kesho." Akarudi ofisini kwake kunywa chai. Kwake yeye lilikuwa jambo la kawaida, dawa moja imeanguka kati ya dawa nyingi zilizokwisha kuanguka. Matone akabaki pale, hana hata wa kumwambia kwamba ile dawa iliyoanguka ina mtu anayeimeza.

Alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Mama, nilikosea. Mama, viache vile, rudia vya hospitali. Ni maneno machache, mtoto wa shule angeyasema.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mama mkwe mwenyewe, amevaa gauni zuri, mashavu yamejaa kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilikuona dirishani. Karibu, karibu, umekuja wakati mzuri, nimepika mwenyewe leo. Mwenyewe! Hakuna aliyenisaidia hata kukata kitunguu."

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Kula kwanza. Maneno hayaozi."

Akala. Wali na maharage, chakula cha kila siku, na kilikuwa kimepikwa vizuri. Mama mkwe alikaa mbele yake amejishika shavu, anamtazama anavyotafuna, anaongea. Aliongea habari za jirani aliyekuja kumuuliza siri ya kunenepa. Aliongea habari za cherehani, kwamba ameipaka mafuta, kwamba huenda akaanza tena vitu vidogovidogo, foronya na aproni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho, "Vile vya hospitali nilivitupa vyote. Nilivitumbukiza chooni, nikavuta maji, nikaviambia kwaheri, mmenitesa vya kutosha."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hapakuwa na mahali pengine pazuri zaidi, mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Naye alielewa yote kwa mara moja: kwamba hamu ya kula haikuletwa na dawa ya jongo, imekuja kwa sababu ameacha kile kilichokuwa kikimtapisha, na kwamba huko ndani, kimyakimya, makovu yanaendelea na safari yake bila wa kuyazuia. Alimwangalia mama mkwe wake, akaona jinsi alivyojisuka nywele upya. Akaona atakavyouvunja uso ule. Akamwona na shemeji Jumapili. Aibu ikampanda kutoka miguuni, ikamjaa mdomo, na mtu mwenye mdomo uliojaa hawezi kusema.

Akasukuma sahani mbele. "Mama, niongezee kidogo."

"Ee, ndiyo hivyo!" Mama mkwe akainuka mbiombio, akakamata mwiko.

Usiku mkewe akamuuliza, "Mama umemwonaje?"

"Mzima," akasema. "Anapika."

Alijiambia atasema kesho. Kesho akajiambia ni afadhali aseme mbele ya mkewe, baadaye akaona ni afadhali aseme bila mkewe. Alishika simu, akaiweka. Jumapili shemeji alimwita "Profesa" bila dhihaka yoyote, akamsogezea kiti kizuri, naye akakikalia. Sitaki kumtetea hapa. Watu wengi wangesema angalau hilo la kiti angelikataa.

Mama mkwe alianguka kwenye ngazi, akiwa anapanda, mkononi ana kitambaa kipya cha foronya. Majirani walimkuta amekaa ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, anajaribu kuwaomba radhi kwa kuziba njia.

Hospitalini walimwekea hewa ya mrija puani. Chumba kilikuwa na vitanda vingine viwili, pazia halifungi vizuri. Matone alisimama upande wa miguuni, mkewe amemshika mkono wa shati, shemeji amesimama dirishani. Daktari, kijana mwembamba ambaye hakuwa amelala, aliangalia picha ya mapafu, akaangalia faili, akaangalia picha tena.

"Mama, dawa zako unameza?"

Mama mkwe akafumba macho. "Niliziacha."

"Ulizi-nini?"

"Niliziacha, mwanangu. Zilinichosha."

"Nani alikwambia uziache?"

Shemeji aliangalia viatu vyake. Mkono uliomshika Matone shati ukakaza. Wote watatu walijua, na wote watatu walinyamaza, na mama mkwe akasema kwa sauti nyembamba iliyopita kwenye mrija, "Hakuna. Kichwa changu tu. Uzee."

Daktari akamfokea. Akamfokea mwanamke mzima mbele ya watu, kwamba wagonjwa ndivyo mlivyo, mnaisikiliza mitaa kuliko hospitali, kwamba makovu yaliyoota hayarudi nyuma na kila siku aliyokaa bila dawa ameipoteza. Mama mkwe akaitikia kila neno, "Ndiyo, mwanangu. Kweli, mwanangu." Alikuwa anamsitiri mkwewe. Alijilaza mbele yake apigwe yeye.

Matone aliyavumilia hayo kwa muda ambao hata leo hapendi kuukumbuka. Hatimaye akasema, "Daktari, mama ananifichia. Ni mimi."

Akaeleza. Maabara, jeni, dawa ya jongo. Alisema kwamba sahani ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa la mkono wake. Daktari alimsikiliza mdomo wazi kidogo. Akamuuliza, "Na wewe unayefanya kazi hiyo, uliona ni sawa?" Matone akasema hapana. Daktari akatikisa kichwa, akaandika dawa upya, akaongeza ya kuzuia kichefuchefu, ambayo kumbe ilikuwepo siku zote kama mtu angeuliza. Akaenda kwenye kitanda kingine.

Mama mkwe akanyoosha mkono umfikie Matone, naye akasogea akaushika. Ulikuwa mwepesi na wa baridi.

"Kukosea ni kukosea, baba," akasema. "Mimi nimewahi kukata gauni la bibi harusi upande. Asubuhi ya harusi. Nikalia, nikashona jingine." Akapumzika kuvuta hewa. "Ulitaka nipone. Najua."

Mkewe akaanza kulia kwa kufarijika. Shemeji akaja akamgusa bega. Mambo yangeweza kuishia hapo, na Matone alikuwa tayari anahisi kifua kikilegea, anahisi jinsi msamaha unavyomwingia.

"Lini mlijua kwamba haifai?" mama mkwe akauliza. Hakuuliza kwa hila. Alitaka tu kuelewa. "Leo?"

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa dogo, na hapakuwa na mtu chumbani wa kulipinga. Alitazama ule mkono ndani ya mkono wake.

"Ile siku niliyokuja kwako, mama. Nilikuwa nimetoka kujua. Nilikuja kukwambia."

"Siku uliyokula."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alitazama dari. Mrija ulikuwa unapiga mluzi mdogo puani mwake. Mkewe alikuwa ameacha kulia, na Matone akasikia mkono wa shati lake umeachiwa.

"Nilikwambia nimevitupa," mama mkwe akasema. "Ukaomba nikuongezee."

Matone akaunyoosha ukingo wa shuka kwa mkono wake mwingine.

"Nilifurahi siku ile," mama mkwe akasema, hana hasira hata kidogo, anasimulia tu. "Ulipoondoka nilimwita jirani, nikamwambia, leo mkwe wangu amekula vizuri."

Kisha akauchomoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya shuka.